Maji Walimokaa Wazee

Łódź, Januari. Tramu ya kwanza haijapita
na mimi nimeshavaa glavu.
Jana jioni niliwamwagia rangi, nikawafungia
kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
joto la mtu asiye na homa.
Leo nafungua: wamegeuka buluu.

Si wote. Vijana wamebaki weupe
kama maziwa yaliyozimuliwa.
Buluu ni wale walioacha kugawanyika,
wakatanuka, wakajilaza bapa kwenye kisahani
kama yai lililopasukia sakafuni.
Hawazai. Hawafi.
Wamekaa.

Mama yangu, Wiesława, alitia nguo rangi
kiwandani Księży Młyn, miaka ishirini na sita.
Alirudi nyumbani na kucha za buluu,
tukamcheka: leo umeshika mbingu?
Akajibu: nimeshika mshahara.
Kiwanda kilipofungwa, mitambo ilizimwa kwa siku moja,
lakini mapipa hayakuondolewa.
Rangi ikavuja, mwaka hadi mwaka,
ikapita chini ya ukuta, ikafika bustani ya jirani,
hadi kabichi za Bi Teofila
zikaota na mishipa ya zambarau.

Ndivyo walivyo hawa.
Dokta Ignacy hupenda kusema "wamestaafu."
Mstaafu gani huyu, namuuliza,
anayepiga kelele usiku kucha?
Kazi wameacha, kinywa hawajaacha.
Wanatema, wanatema:
protini za kuwasha moto, vimeng'enya vya kulegeza nyuzi,
barua za wito kwa askari wa damu,
na kwa jirani neno moja dogo: kua.

Jirani akiwa mzima, neno humchosha, naye akazeeka.
Jirani akiwa na kasoro iliyolala,
neno humwamsha.

Sikusadiki mpaka nilipofanya kwa mkono wangu.
Nilichota maji walimokaa siku tatu,
nikayachuja, isibaki hata seli moja,
maji matupu, ya waridi, safi machoni,
nikawanywesha wengine
waliokuwa wakisitasita ukingoni mwa saratani.
Hawakugusana. Hawakuonana.
Jumatatu nilihesabu mia mbili na kumi.
Alhamisi niliacha kuhesabu.

Lakini ngoja, usiwahukumu upesi.
Mwaka wa themanini na moja mvuke ulimchoma mama
kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.
Nani alilifunga lile jeraha?
Hawa hawa. Walijitokeza, wakatema wito wao,
ngozi ikaitika, na kazi ilipokwisha
damu changa ikaja kuwazoa.
Tena kila mmoja aliacha kugawanyika kwa sababu:
aliona herufi zimevurugika ndani yake
akafunga mlango, asizae balaa.

Kosa basi liko wapi?
Labda katika kuchelewa kuondoka.
Labda katika mfagiaji, ambaye naye amezeeka,
anayepita na ufagio wake
bila kuingia pembeni.

Mama ana miaka sabini na tisa.
Magoti yanalia ngazini. Mishipa ya moyo imekakamaa.
Na tangu Novemba, titi la kushoto,
kitu kama kokwa ya cheri.
Ananiuliza mezani, akimenya viazi:
"Hao wa buluu wako, hamna dawa ya kuwaua?"
Ipo, nasema. Kwa panya.
"Na panya huyo akijikata?"
Kidonda chake huchelewa kufunga.

Ananyamaza. Ganda la kiazi linashuka refu, halikatiki.
Mkono wa kovu ndio ulioshika kisu.
"Basi msiwaue wote," anasema.
"Waambieni wanyamaze tu."

Nataka kumwambia kwamba hilo ndilo tunalolitafuta,
kwamba kuna watu wamelikesha miaka,
kwamba mdomo mmoja ukizibwa mwingine hufunguka.
Lakini ameshanisukumia kisu na bakuli.
"Vidole vimekaza. Malizia wewe."